Mteja Amelipa 18,400, Daftari Linasoma 1,840: Jinsi ya Kupanga Telineti kwenye PuTTY ya Duka Lako

Hebu nikuulize. Umewahi kulipa deni dukani kwa simu, ukapata ujumbe wa kuthibitisha, halafu baada ya wiki mbili unaambiwa bado unadaiwa? Kama yamekupata, unajua vile damu huchemka. Na kama wewe ndiye mwenye duka, unajua pia aibu ya kumwambia mteja wa miaka mingi "hujalipa", kisha ugundue alilipa kitambo.

Hiyo aibu iliingia kwa familia yetu. Anti yangu ana duka la vifaa vya ujenzi Nakuru, hadiwea ya kawaida: saruji, misumari, mabati, rangi. Kuna mzee mmoja fundi wa nyumba ambaye huchukua vitu kwa deni na kulipa kwa Till mwenye nyumba akishamlipa yeye. Siku moja alikuja kuchukua saruji, binti wa kaunta akamwambia kwa heshima zote, "Mzee, bado kuna 16,560 hapa."

Mzee akatoa simu. "Binti yangu, soma mwenyewe. Elfu kumi na nane na mia nne."

Ujumbe ulikuwa sawa. Taarifa ya Till ya duka pia ilikuwa sawa: 18,400 iliingia yote. Lakini daftari la madeni kwenye kompyuta liliandikwa 1,840. Ukitoa 1,840 kwa 18,400 unapata zile 16,560 alizokuwa anadaiwa bure.

Nitasema ukweli, wazo langu la kwanza lilikuwa baya. Nilidhani kuna mtu anakula. Binti wa kaunta naye alijua tunawaza hivyo, akaanza kulia. Ilibidi Anti aite fundi wa kompyuta, na fundi hakumaliza hata dakika kumi kabla ya kucheka. "Mama," akasema, "huyu msichana hajaiba kitu. Hii PuTTY yenu imepangwa vibaya."

Mimi nilisomea masoko, si kompyuta, kwa hivyo alinieleza polepole, na baadaye nikakaa mwenyewe na ile programu mpaka ikaniingia. Ninaandika haya kwa sababu wateja wetu wengi wana maduka ambayo pesa huingia kwa simu vizuri kabisa, halafu inaandikwa upya kwa mkono kwenye mfumo mwingine. Hapo katikati ndipo pesa hupotelea, na sisi hatupaoni.

Skrini nyeusi inafanya nini?

Kwa Anti, mfumo wa stoo na madeni uko ndani ya kompyuta moja ya zamani iliyo chumba cha nyuma. Haina picha wala rangi, ni maandishi tu. Kompyuta ya kaunta haina huo mfumo ndani yake. Inafungua dirisha jeusi, na kupitia hilo dirisha keshia anaandika kana kwamba ameketi mbele ya ile ya nyuma. Maduka ya jumla, mabohari na baadhi ya zahanati bado yanatumia mpango kama huu, na si jambo la kuchekwa. Mfumo uliofanya kazi miaka kumi na tano bila kuanguka si wa kutupwa ovyo.

Dirisha hilo jeusi ni programu inayoitwa PuTTY. Ilitengenezwa na Mwingereza anayeitwa Simon Tatham na ni ya bure kabisa. Ukiombwa hata shilingi mia moja ili "ufunguliwe PuTTY", kimbia. Pia usiipakue kutoka kila saiti inayojitokeza kwanza ukitafuta, maana mwaka 2015 kulipatikana nakala bandia iliyokuwa inaiba maneno ya siri ya watu. Mwambie fundi wako aitoe kwenye ukurasa wa mtengenezaji mwenyewe.

Lugha ambayo kaunta na kompyuta ya nyuma zinatumia kuongea ndiyo telineti. Ni mzee kuliko wengi wetu: ilianza mwaka 1969, na kanuni zake zinazotumika mpaka leo ziliandikwa Mei 1983 katika waraka unaojulikana kama RFC 854. Kazi yake ni rahisi. Unabonyeza herufi, inasafiri kwa waya hadi kompyuta ya nyuma, na kompyuta ya nyuma inajibu.

Sasa swali ambalo sikuwahi kujiuliza: ukibonyeza herufi A, nani huichora kwenye skrini yako? Mimi nilidhani ni kibodi na kompyuta yangu tu. Kumbe kwa mifumo mingi ya telineti, herufi huenda kwanza hadi nyuma, kisha kompyuta ya nyuma inairudisha, na hapo ndipo unaiona. Ni kama kumtumia mtu ujumbe "umepata?" naye akurudishie neno hilo hilo kuonyesha amepata.

Kosa la Anti lilianzia hapo.

Namba zilizojirudia

Kompyuta ya kaunta ilikuwa imeharibika, ikanunuliwa nyingine, na kijana mmoja wa mtaani akaletwa kuiweka PuTTY. Alipofika mahali pa kuingiza neno la siri, aliandika na hakuona chochote. Hata nyota hakuna. Akafikiri kibodi haishiki. Akaingia kwenye mipangilio, akatafuta kitu kinachofanana na "onyesha herufi", akakipata, akakiwasha. Neno la siri likaonekana, akafurahi, akalipwa, akaenda.

Hakujua kwamba neno la siri halitakiwi kuonekana. Kompyuta ya nyuma hunyamaza kimakusudi hapo, ili mtu aliye nyuma yako asisome.

Kile alichowasha kinaitwa "Local echo". Maana yake, kompyuta ya kaunta nayo ichore kila herufi unayobonyeza. Lakini ya nyuma bado inarudisha herufi hiyo hiyo. Kwa hivyo kila kitu kinaonekana mara mbili. Ukiandika 5 unaona 55. Ukiandika "saruji" unaona "ssaarruujjii".

Na hapa nataka tuende pole. Kilichofika nyuma ni kimoja tu. Kurudiarudia kuko kwenye macho yako, hakuko kwenye daftari. Binti wa kaunta alizoea. Alikuwa anaandika kwa kufuata kidole chake na kupuuza skrini. Lakini siku hiyo foleni ilikuwa ndefu, na namba ilikuwa 18,400. Akaandika 1, 8, 4, 0. Skrini ikaonyesha 11884400. Jicho lake likaona sifuri mbili mwishoni, na namba aliyokuwa anaifuata ina sifuri mbili mwishoni. Akaamini amemaliza. Akabonyeza kitufe cha kuingiza.

Daftari likaandika 1,840.

Angalia namba zetu za kila siku: 500, 1,200, 3,300, 15,000. Karibu zote zina tarakimu zinazofuatana zikifanana. Hilo kosa si la siku moja. Fundi na Anti walikaa na taarifa ya Till ya miezi miwili, wakilinganisha mstari kwa mstari, wakapata malipo mengine manne yaliyoandikwa pungufu. Wateja wawili kati ya hao walikuwa wameshalipa tena lile "salio". Hao ilibidi wapigiwe simu, waombwe radhi, na warudishiwe pesa yao.

Kulirekebisha ni rahisi hadi inauma. Ukifungua PuTTY, upande wa kushoto kuna orodha ndefu iliyoandikwa "Category". Bonyeza "Terminal". Upande wa kulia, karibu na chini, utaona "Local echo" na chini yake machaguo matatu: "Auto", "Force on" na "Force off". Weka "Auto". Hapo programu yenyewe inaelewana na kompyuta ya nyuma nani achore. Karibu na hapo kuna "Local line editing", nayo iache kwenye "Auto".

"Force on" ina kazi yake, lakini ni wakati mmoja tu: unapoandika na huoni chochote mahali popote, si kwenye neno la siri peke yake. Hapo kompyuta ya nyuma hairudishi herufi, na wewe inabidi ujichoree. Kama namba zinaonekana mara mbili, usiizoee hata siku moja. Simamisha kazi.

Kwa nini hakuulizwa "una uhakika?"

Hili swali nililiuliza mimi, na nilijiona mjanja sana. Ule mfumo wa stoo, baada ya kuandika kiasi, hukuonyesha mstari mmoja: jina la mteja, kiasi, na swali la kuthibitisha. Ukibonyeza kitufe cha kuingiza tena, unakubali. Mbona binti hakuona 1,840 hapo?

Kwa sababu swali lilipita kabla halijasomeka. Kitufe cha kuingiza kilikuwa kinahesabiwa mara mbili.

Telineti ina namna yake ya kusema "mstari mpya", na si sawa na ile ya lugha nyingine. PuTTY, usipoigusa, hutuma hiyo namna ya telineti. Mifumo mingi haijali. Lakini iko mifumo ya zamani inayotaka ile alama ya kawaida peke yake, na ikipata ya telineti inachanganyikiwa, mara nyingine inaona kama umebonyeza mara mbili. Kwa ile ya Anti, mbonyezo wa kwanza uliingiza kiasi, na wa pili, ambao hakuna aliyeubonyeza, ulijibu "ndiyo" kwa swali la kuthibitisha. Kinga yote ya mfumo ilikuwa inarukwa mchana kweupe.

Mahali pa kurekebisha: kwenye orodha ya kushoto nenda "Connection", chini yake bonyeza "Telnet". Utaona mstari wenye kisanduku cha tiki: "Return key sends Telnet New Line instead of ^M". Kwa kawaida kina tiki. Kama kwako kitufe cha kuingiza kinaruka mistari au kinajibu maswali ambayo hujajibu, toa tiki. Kama kila kitu kinaenda sawa, usiguse. Huu si mpangilio wa kubadilisha kwa sababu umesoma makala.

Kwenye ukurasa huo huo kuna "Telnet negotiation mode", yenye "Passive" na "Active". Hii inahusu nani aanze salamu. "Active" maana yake PuTTY inaanza kuongea mara tu laini ikifunguka. "Passive" inasubiri ile nyingine ianze. Iache "Active", kwa sababu zikiwa zote mbili zinasubiri, hakuna atakayeanza, kama watu wawili waliokosana. "Passive" utaijaribu tu kama kuna kifaa cha ulinzi wa mtandao katikati kinachokatisha laini, na hata hapo afadhali fundi awe karibu.

Kuanzia mwanzo, ukipanga mwenyewe

Sasa tuseme umenunua kompyuta mpya ya kaunta na huna haraka ya kumwita kijana wa mtaani. Ukurasa wa kwanza wa PuTTY unaitwa "Session". Pale "Host Name (or IP address)" andika anwani ya kompyuta ya nyuma, ile ya namba nne zenye nukta katikati. Iulize kutoka kwa aliyeweka mfumo, au isome kwenye kompyuta ya kaunta ya zamani kabla haijatupwa.

Pembeni kuna "Port". Fikiria ile kompyuta ya nyuma kama jengo lenye milango mingi yenye namba, na kila huduma inakaa nyuma ya mlango wake. Telineti hukaa mlango wa 23. Chini yake ni "Connection type". PuTTY ikifunguka huwa imechagua SSH na mlango wa 22, kwa hivyo lazima ubadilishe. Kwenye matoleo ya zamani "Telnet" iko wazi kwenye mstari. Kwenye matoleo mapya imefichwa, bonyeza "Other" kisha uichague kwenye orodha inayoshuka. Ukichagua, namba ya mlango inageuka 23 yenyewe. Kama mfumo wenu uliwekwa mlango mwingine, andika huo.

Usibonyeze "Open" bado. Watu wengi hukosea hapa, na mimi nilikosea mara tatu. Andika jina kwenye "Saved Sessions", kitu kama "Stoo", kisha ubonyeze "Save". Halafu zunguka kwenye kurasa nyingine upange unachotaka, na ukimaliza rudi "Session" ubonyeze "Save" tena. PuTTY haikumbuki chochote ambacho hukuisave. Utapanga vizuri, utafungua, utafanya kazi siku nzima bila shida, kesho yake asubuhi namba zimerudi kuwa mbili mbili na unadhani ni uchawi.

Siku nyingine ukitaka kubadilisha kitu, bonyeza "Stoo" mara moja, kisha "Load", badilisha, rudi, "Save". Na ikiwa dirisha jeusi tayari liko wazi na mteja anasubiri, bonyeza picha ndogo iliyo kona ya juu kushoto ya dirisha, uchague "Change Settings...". "Local echo" unaweza kuibadilisha hapo hapo bila kukata laini.

Kuna mambo mengine madogo yanayosumbua. Kitufe cha kufuta kikiandika alama za ajabu badala ya kufuta, nenda "Terminal", kisha "Keyboard", ubadilishe "The Backspace key" kutoka chaguo moja hadi lingine; yako mawili tu. Mistari ya fremu ikigeuka herufi za vituko, tatizo liko "Window", kisha "Translation", mahali pa "Remote character set". Mifumo ya zamani sana hupenda CP437 kuliko UTF-8. Na kama skrini nzima imevurugika, uliza fundi mfumo unataka aina gani ya terminali. Jina hilo, mara nyingi "vt100" kwa mifumo ya kale, linaandikwa kwenye "Connection", kisha "Data", pale "Terminal-type string" palipo na neno "xterm".

Laini inayokatika

Malalamiko ya pili ya kaunta ya Anti yalikuwa haya: duka likitulia kwa nusu saa, dirisha linakufa. Keshia alikuwa ameandika jina la mteja na nusu ya namba ya muamala, simu ikalia, akirudi hakuna kitu.

Kati ya kaunta na stoo kuna ruta, na ruta nyingi zikiona laini iko kimya kwa muda zinaihesabu imekufa na kuifunga. Dawa iko ukurasa wa "Connection", mstari wa "Seconds between keepalives". Umeandikwa 0, maana yake usitume kitu. Ukiweka 60, PuTTY itatuma alama tupu kila dakika ili ruta ijue bado mko pamoja.

Lakini kuna jambo. Kama ni mfumo wenyewe wa nyuma unaokutoa baada ya dakika kadhaa bila kazi, hiyo namba haitasaidia, na kwa kweli usitake isaidie. Dirisha la madeni lililoachwa wazi wakati keshia ameenda chai ni mwaliko. Kwa hivyo kwanza ujue nani anakata laini.

Na kwenye ukurasa wa "Session", chini kabisa, "Close window on exit" iweke "Never". Laini ikikatika, dirisha litabaki na utasoma ulikuwa umefika wapi, badala ya kupotea mbele ya macho yako.

Sehemu ambayo inanikosesha usingizi

Mpaka hapa nimeongea kama telineti ni rafiki. Sasa nikuambie ubaya wake, na huu haurekebishwi na tiki yoyote.

Telineti haifichi chochote. Jina lako la kuingilia, neno lako la siri, jina la mteja, deni lake, vyote vinapita kwenye mtandao wazi kama kadi ya posta. Mtu aliye kwenye mtandao huo, mwenye programu ya bure na jioni mbili za kujifunza, anaweza kuvisoma. Ndiyo sababu Mfini Tatu Ylönen alitengeneza SSH mwaka 1995, baada ya maneno ya siri kuibwa kwa njia hiyo hiyo kwenye mtandao wa chuo kikuu chake. SSH inafanya kazi ile ile ya skrini nyeusi, lakini kila kitu kimefungwa.

Kwa Anti, WiFi ya wateja na mtandao wa kaunta vilikuwa kitu kimoja. Neno la siri la WiFi lilibandikwa ukutani kwa karatasi, karibu na bei ya misumari. Sitaki hata kuwaza sana. Fundi alitenganisha siku hiyo hiyo: wateja mtandao wao, kaunta na stoo wao, kwa waya.

Kisha akaangalia ruta. Ruta nyingi na kamera nyingi za usalama nazo zina mlango wa 23, na zinakuja na neno la siri la kiwandani kama "admin". Mwaka 2016 kirusi kinachoitwa Mirai kilizunguka dunia kikigonga milango ya telineti ya kamera na ruta kwa orodha fupi ya maneno ya siri ya kiwandani, na kikazikusanya nyingi kiasi kwamba Oktoba mwaka huo zilitumika kushambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na saiti kubwa kama Twitter na Netflix hazikufunguka kwa saa kadhaa. Hakikuhitaji ujanja mwingi. Kilijaribu "admin" na "admin", mlango ukafunguka.

Kwa hivyo kuna mambo manne ambayo mimi sikubali mjadala. Telineti ibaki ndani ya duka. Kama una tawi lingine mjini na mnaunganishwa kupitia intaneti, hapo ni SSH au hakuna. Mlango wa 23 usifunguliwe kwenye ruta kuelekea nje, hata fundi akisema ni wa kwake wa kukusaidia akiwa nyumbani. Neno la siri la stoo lisifanane na PIN yako ya pesa wala ya benki. Wengi hutumia tarakimu zile zile nne kila mahali, halafu wanazituma wazi kwa waya mara ishirini kwa siku. Na PIN ya pesa yenyewe haina kazi ndani ya dirisha jeusi. Hakuna mfumo wa stoo unaoihitaji.

Hili la mwisho nalisisitiza kwa sababu lina mtego. Mtu anapiga simu, anajiita wa kitengo cha ufundi, anasema malipo yako "yamekwama kwenye seva" na anataka ufungue PuTTY, uandike anwani anayokupa, uingize namba yako na PIN "ili kuunganisha upya". Skrini nyeusi inamfanya aonekane mtaalamu. Sisi hatutakuomba PIN kwa simu, kwa ujumbe, wala kwa dirisha la rangi yoyote. Kata simu.

Kama unajaribu tu mlango

Wengine wenu mna duka la mtandaoni, na msanidi wako amekuambia "jaribu telineti kwenye seva uone kama inajibu". Hiyo ni kazi tofauti na PuTTY inaweza, ila usichague "Telnet", chagua "Raw". Telineti huanza na salamu zake, na seva isiyojua telineti inaziona kama takataka. Weka jina la seva, weka mlango, kwa mfano 443 ambao ni wa saiti salama, kisha "Open". Ukiona dirisha jeusi tupu, mlango uko wazi. "Connection refused" maana yake jengo lipo lakini mlango huo umefungwa. "Connection timed out" ni kwamba hakuna aliyejibu kabisa, na mara nyingi kuna ulinzi katikati. Msomee msanidi wako maneno hayo vile yalivyo, usimwambie tu "imekataa".

Ilivyoishia Nakuru

Mzee alipata saruji yake, na Anti akamwongezea pakiti mbili za misumari ambazo hakuomba. Binti wa kaunta bado yupo. Alipewa jina lake mwenyewe la kuingilia kwenye mfumo, tofauti na la Anti, ili kila mstari uonyeshe aliyeuandika. Kila jioni kabla ya kufunga, jumla ya Till kwenye simu inalinganishwa na jumla ya malipo ya simu kwenye daftari la stoo. Inachukua dakika tano, na ikitofautiana hata shilingi kumi hakuna anayevaa koti.

Fundi amekagua ile kompyuta ya nyuma akasema inaweza kuwekewa SSH. Siku hiyo ikifika, kwenye PuTTY ni kubadilisha aina ya muunganisho na mlango uwe 22. Mara ya kwanza itatoa onyo kuhusu ufunguo wa seva isiyoijua. Hapo fundi awepo athibitishe ufunguo ni wa kompyuta yenu, ndipo mkubali. Onyo hilo likija tena siku nyingine bila mtu kubadilisha kitu, msikubali, mpigieni.

Kama kaunta yako ina skrini nyeusi, fanya jaribio hili leo kabla ya kufunga. Ingia mahali pa kuandika jina la mteja, usiandike kitu kingine, andika 5500 polepole huku ukiangalia skrini. Ukihesabu tarakimu nne, uko sawa. Ukihesabu nane, futa, toka, na ulete karibu taarifa ya Till ya miezi miwili iliyopita.